Daftari Moja, Mikono Mingi

Mkongo ni kata ya Wilaya ya Rufiji iliyoko kaskazini ya mto, ikitazamana na Utete yaliko makao makuu ya wilaya, na mwenye shauri la serikali sharti avuke mto ndipo apate kuonana na anayemtaka. Wenyeji wake, kama walivyo ndugu zao wa bondeni mpaka Kibiti na vijiji vya delta, tangu zamani ni watu wa makazi mawili. Mafuriko ya mwaka 1968 yalipopita, Serikali iliendesha Operesheni Rufiji, ikawahamisha watu kutoka bondeni hadi nyanda zilizoinuka ili wapate shule, zahanati na salama ya roho zao. Lakini rutuba haikuhama pamoja nao, bali ilibaki kule kule mto unakolaza tope lake. Kwa hiyo mkulima akawa na nyumba kijijini na dungu shambani, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ambamo hulala miezi ya kilimo akiamia mpunga na mahindi yake dhidi ya ndege, nguruwe na viboko, na msimu ukiisha hurejea nyumbani.

Maisha hayo yana hekima yake, ila humtia mashakani kila aliyetumwa kuandika daftari la watu. Mwandikishaji aliyefika kijijini majira ya kilimo cha bondeni ataambiwa na mama mwenye nyumba kwamba mumewe hakuhama, ametoka tu. Mwandikishaji wa pili aliyefika bondeni siku zile zile atamkuta bwana huyo huyo na wanawe wawili, naye atawaandika pale alipowakuta. Wote wawili wameambiwa kweli na wameandika kwa uaminifu, walakini maandiko yao yakiwekwa pamoja, mtu mmoja amekuwa wawili, na hapana mashine iwezayo kujua kwa akili yake yenyewe lipi lifutwe na lipi libaki.

Ikhtilafu ya namna hii, ambayo huzuka kila mikono mingi inapoandika katika daftari moja, ndiyo inayowasumbua waandishi wa programu za kompyuta mchana na usiku, nao huiita konflikti. Ikizuka mara moja ni jambo dogo. Ikirudiwarudiwa bila ya kukatwa shauri lake kikamilifu, huanza kuzaana, na uzazi wake ni wa kutisha, kwa kuwa hauongezeki kwa kujumlisha bali kwa kuzidisha, hata mashine yenye nguvu ikasimama kama iliyokufa ilhali inahesabu. Nimeanza Rufiji kwa sababu huko liliwahi kutunzwa daftari la watu lenye sifa kubwa katika Afrika, na kanuni zilizolilinda daftari hilo ndizo zile zile ambazo mafundi wa kompyuta wa Marekani na Ulaya walikuja kuzifikia baada ya taabu nyingi.

Novemba 1998, chini ya mradi uliojulikana kwa jina la TEHIP, ulioendeshwa na Wizara ya Afya ya Tanzania pamoja na IDRC, shirika la Kanada la utafiti wa maendeleo, kulianza Rufiji kazi ya kuandika watu takriban 85,000 katika daftari la kudumu, kituo chake kikiwa Ikwiriri; na baadaye kazi hiyo iliendelezwa na Taasisi ya Afya Ifakara. Haikuwa sensa ya siku moja na kwisha. Waandikishaji walirudi katika kila kaya baada ya kila miezi 4, wakauliza nani amezaliwa, nani amefariki, nani ameoa au kuolewa, nani amehamia na nani amehama; na mahali palipotokea msiba, mhojaji mwenye ujuzi alikwenda kwa adabu kuwauliza wafiwa dalili za ugonjwa uliomchukua marehemu, ili ijulikane watu wanakufa kwa nini na fedha za afya zielekezwe wapi. Kwa makadirio yaliyotangazwa na mradi wenyewe, vifo vya watoto wadogo katika Rufiji vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika muda wa miaka mitano. Msomaji ataona mara moja kwamba hesabu kama hiyo haina thamani yoyote ikiwa mtoto mmoja ameandikwa mara mbili, kwa jina la nyumba ya kijijini na kwa jina la dungu.

Basi watunzaji wa daftari lile waliikinga ikhtilafu kwa njia tatu. Ya kwanza, walikubaliana mapema maana ya mkazi: ni mtu aliyekaa katika eneo la daftari kwa muda usiopungua miezi 4, na kwa kanuni hiyo fupi maelfu ya mabishano yalikatwa kabla hayajazaliwa. Ya pili, daftari la kaya lilikuwa moja, likitoka kituoni mkononi mwa mwandikishaji na kurudi kituoni kuingizwa katika kompyuta, kwa hiyo hapakuwa na nakala mbili zilizoendelea kuandikwa kila moja kwa njia yake. Ya tatu, programu iliyotumika, ambayo ilitokana na kazi iliyofanywa Navrongo nchini Ghana, ilikataa maandiko yasiyopatana na akili: haikukubali mtu afe mara mbili, wala marehemu azae, wala mtu atoke katika nyumba ambayo hakupata kuingia. Kosa likionekana, karatasi ilirudishwa kijijini kwa aliyeiandika ili akaulize upya, maana ukweli ulikuwa kule kwa mama mwenye nyumba.

Sasa na tuingie katika chumba cha waandishi wa programu. Programu ya kompyuta, iwe ya benki, ya hospitali au ya simu ya mkononi, ni maandishi. Na programu kubwa ni maandishi ya mamia ya maelfu ya mistari, yanayoandikwa na watu kumi, mia au elfu kwa wakati mmoja, wengi wao wasiopata kuonana kwa macho maisha yao yote. Ili wasipotezeane kazi, mafundi walitunga mifumo ya kutunza matoleo, nayo ni madaftari yanayohifadhi kila badiliko, aliyelifanya, saa aliyolifanya na sababu yake. Marc Rochkind wa maabara za Bell, Marekani, alitunga mfumo uitwao SCCS mwaka 1972. Na mwaka 1982 Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue akatoa RCS. Mifumo hiyo ya awali ilifuata njia ya kufuli: anayetaka kuandika katika faili hulifunga kwanza, na wengine wote humngoja mpaka amalize. Ni kanuni ile ile ya daftari la kaya lililo moja tu, mkononi mwa mtu mmoja tu. Usalama wake ni mkubwa, lakini nao ungojaji ni mkubwa vile vile, na mtu akienda likizo na ufunguo wake, kazi ya kundi zima husimama.

Kwa ajili ya kuikwepa adha hiyo kukazuka njia ya pili, ambayo Dick Grune wa Amsterdam aliifungua mwaka 1986 kwa mfumo wake wa CVS: kila mtu apewe nakala yake, aandike apendavyo bila ya kumngoja mwenziwe, kisha nakala ziunganishwe. Mwaka 2003 David Roundy, mwanafizikia wa Marekani, akatoa Darcs. Na Aprili 2005 Linus Torvalds, mwasisi wa Linux, aliponyang'anywa ruhusa ya kutumia bure mfumo wa kampuni moja aliokuwa akiutegemea, alikaa akatunga Git, ambao leo ndio unaotumika zaidi ulimwenguni. Katika mifumo hii miwili ya mwisho hata daftari kuu halilazimiki kuwako. Kila mshiriki ana daftari kamili kwake, na kuunganisha ndiyo roho ya kazi.

Kuunganisha hufanyika hivi. Kompyuta huchukua maandishi matatu: nakala ya mtu wa kwanza, nakala ya mtu wa pili, na asili, yaani toleo la mwisho ambalo wote wawili walikuwa nalo kabla hawajaachana. Mstari uliobadilishwa na mmoja tu huchukuliwa kama alivyoubadilisha, na mstari usioguswa huachwa ulivyo. Taabu ni pale mstari mmoja ulipobadilishwa na wote wawili, kila mmoja kwa namna yake. Tuseme fundi wa Kibiti na fundi wa Dar es Salaam wanatunza programu ya daftari la watu, na asili ina mstari usemao kwamba mkazi ni aliyekaa miezi 3. Wa Kibiti ameandika 4, wa Dar es Salaam ameandika 6. Git hapo husimama, haihukumu. Huliandika faili upya na kutia alama 7 za mshale uelekeao kushoto, chini yake mstari wa kwanza wenye 4, kisha alama 7 za usawa, kisha mstari wa pili wenye 6, na mwisho alama 7 za mshale uelekeao kulia. Ni kama kusema: waungwana, nimefika hapa, nililolijua nimelifanya, hili lililobaki ni lenu. Mtu mwenye maarifa ya kazi huja akafuta kimoja, au akaandika cha tatu, akaondoa alama, akahifadhi. Ikhtilafu imekwisha, na pengine imechukua dakika mbili.

Lakini je, imekwisha kweli? Fundi wa Kibiti ameamua ibaki miezi 4 na ameihifadhi hukumu hiyo katika nakala yake. Yule wa Dar es Salaam, kabla ya kuipokea, ameugeuza mstari wake kuwa siku 180, kwa sababu mkuu wake alitaka siku badala ya miezi. Wakikutana mara ya pili, hukumu yenyewe imekuwa mshitakiwa, na lazima kesi ya kwanza isikilizwe upya ili ya pili ieleweke. Wa Kibiti akaamua tena. Huku nyuma wa Dar es Salaam ameongeza sharti juu ya zile siku 180. Na mara ya tatu inahitaji ya pili, ambayo inahitaji ya kwanza. Hivyo ndivyo ikhtilafu zinavyoota juu ya ikhtilafu, na watumiaji wa Darcs waliliita jambo hili vita vya migongano.

Darcs ilipatikana na msiba huu kuliko wenzake kwa sababu ya ubora wake wenyewe. Roundy hakuitazama kazi ya mwandishi kuwa ni mfululizo wa matoleo, bali kuwa ni fungu la viraka, yaani mabadiliko moja moja, ambavyo vinaweza kupangwa upya kwa utaratibu wowote maadamu kimoja hakimtegemei mwenziwe. Na uzuri wa fikira hiyo ni kwamba mtu anaweza kuchukua kiraka akitakacho na kuacha asichokitaka. Shurti lake ni kwamba, kila kiraka kikitaka kupita, programu ipime kama kinaweza kubadilishana nafasi na kila kiraka kilichotangulia. Viraka viwili vikigongana, Darcs ilitengeneza kiraka cha namna ya pekee kilichobeba kumbukumbu ya vyote viwili. Mgongano mwingine ukiangukia juu yake, ilibidi kumbukumbu hiyo ifunguliwe na kupimwa tena kutoka pande zote mbili, na iliyomo ndani yake vivyo hivyo, hata kila ngazi mpya ikaongeza kazi ya ngazi zote za chini yake maradufu.

Maradufu ni neno dogo lenye nguvu kubwa. Kazi ikiongezeka maradufu mara 10 huwa sehemu 1,024. Mara 20 huwa 1,048,576. Mara 30 huwa zaidi ya 1,073,000,000. Tukichukulia kwamba sehemu moja huchukua elfu moja ya sekunde, basi migongano 10 iliyopandana itamngojesha mtu sekunde moja tu, naye hatashtuka. Migongano 20 itamngojesha zaidi ya dakika 17, naye atadhani umeme umepungua. Na migongano 30 itamngojesha siku 12 na zaidi, naye atazima mashine akikata tamaa. Ndiyo maana maradhi haya ni ya hila: dalili zake huonekana wakati dawa imekwisha kuwa ghali. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ila ukuta huu kila ukicheleweshwa siku moja huwa mrefu mara mbili kuliko ule wa jana. Watunzaji wa GHC, programu mashuhuri inayogeuza lugha ya Haskell kuwa amri za mashine, walikuwa wakitumia Darcs, ambayo yenyewe imeandikwa kwa Haskell, na uzito wa kuunganisha matawi, yaani nakala zinazoendelezwa kando, ukawa miongoni mwa mambo yaliyowafanya wahamie Git mwaka 2011. Si jambo jepesi kwa watu kukiacha chombo cha ukoo wao.

Hata Git, ambayo huhesabu kwa njia nyingine, haikusalimika. Matawi mawili yakiunganishwa huku na huku kwa kupishana, hayabaki na asili moja bali huwa na asili mbili au zaidi, na Git hulazimika kwanza kuziunganisha asili hizo ili ipate asili moja ya kubuni. Na ikiwa asili nazo zina asili zao zilizopishana, hurudi nyuma tena, kizazi baada ya kizazi. Ikhtilafu ikitokea katika safari hiyo ya nyuma, alama zake huingia ndani ya asili ya kubuni, na mtu hufunguliwa faili lenye alama ndani ya alama, asijue ipi ni ya leo na ipi ni ya mwaka jana.

Kuna na mzigo wa majina. Wilaya ya Kibiti ilipokatwa kutoka Rufiji, vijiji havikusogea hata hatua moja, lakini madaftari ya serikali yalipaswa kuvitambua kwa anwani mpya, na kila aliyelinganisha orodha ya kale na ya sasa alipaswa kujua kwamba kilichotoweka huku ndicho kilichotokea kule. Git nayo, faili zikihamishwa na kupewa majina mapya, haina hati ya uhamisho. Hulinganisha zilizotoweka na zilizotokea kwa kutazama mfanano wa maandishi. Faili 1,000 zilizotoweka zikilinganishwa kila moja na 1,000 zilizotokea, ulinganisho huo wafika 1,000,000. Na ikiwa mtu anahamisha mabadiliko 35 moja moja juu ya msingi mpya, kazi hiyo hapo zamani ilirudiwa kwa kila badiliko, kana kwamba ndiyo kwanza ianze.

Kwa bahati njema, mafundi hawakulala. Darcs ilifanyiwa matengenezo makubwa katika toleo lake la pili la mwaka 2008, lililobadilisha namna ya kuiandika migongano na kupunguza sana mazazi yale, ingawa hayakukatika yote. Git ilipata kifaa kiitwacho rerere, ambacho kazi yake ni kukumbuka: mtu akiisha kuamua ikhtilafu mara moja, hukumu huandikwa pamoja na sura ya ikhtilafu ile, na ikizuka tena kwa sura hiyo hiyo, hukumu hutekelezwa bila ya kumsumbua mtu. Kisha Elijah Newren akaandika upya utaratibu mzima wa kuunganisha, ukaitwa ort, nao ukawa utaratibu wa kawaida wa Git katika toleo la 2.34 la Novemba 2021. Katika majaribio ya kuhamisha mfululizo wa mabadiliko juu ya faili nyingi zilizobadilishwa majina, ort ilipata kuwa na kasi kuliko mtangulizi wake kwa zaidi ya mara 9,000. Siri kubwa ya kasi hiyo haikuwa mashine mpya wala chuma kipya. Ilikuwa ni kuacha kufanya kazi isiyohitajika, na kukumbuka katika hatua ya pili yaliyokwisha kujulikana katika hatua ya kwanza.

Hapa ndipo lilipo fundisho ambalo nataka msomaji aondoke nalo. Ikhtilafu si aibu wala si dhambi. Ni alama kwamba watu wawili wanajali jambo moja. Kinacholemea mashine na watu ni kuiamua nusu, au kuiamua faraghani, au kuiamua bila ya kuandika sababu, kisha kulazimika kuiamua tena kesho kutwa mbele ya watu wasiojua yaliyopita. Mashine hupotea katika hesabu, na watu hupotea katika hofu. Kwa maana fundi aliyeumwa na muunganisho mgumu huogopa kuunganisha tena, hujitenga na tawi lake wiki baada ya wiki, na kila siku ya kujitenga humwongezea mistari itakayogongana. Hofu huzaa ucheleweshaji, na ucheleweshaji huzaa kile kile alichokihofia.

Dawa iliyo mikononi mwa watu ni zaidi ya ile iliyo ndani ya programu, nayo ndiyo iliyokuwa desturi ya daftari la Rufiji. Waandikishaji walizuru kila miezi 4 wala hawakungoja sensa ya miaka 10. Na mwandishi wa programu naye aunganishe kazi yake kila siku, ikiwa ndogo, ingali inasomeka. Watunzaji walikubaliana maana ya mkazi kabla ya kutoka kituoni. Na kundi la programu likubaliane mapema juu ya majina, vipimo na mpangilio wa maandishi, hata idadi ya nafasi mwanzoni mwa mstari, kwa sababu migongano mingi huzuka kwa nafasi na koma zisizo na maana yoyote kwa mtumiaji. Karatasi yenye kosa ilirudishwa kwa mwandikishaji aliyekwenda kijijini. Na mgongano nao uamuliwe na waliouandika, kwa simu au uso kwa uso, wala usiachiwe kijana mgeni aliyeajiriwa juzi akabahatishe. Na hukumu ikiisha kutolewa, ihifadhiwe mahali ambapo wote watachota, isibaki katika nakala ya mmoja.

Mambo haya hayako mbali nasi. Programu ya OpenMRS, ya kutunza habari za wagonjwa, ilianza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, na imeandikwa kwa ushirikiano wa watu wa mabara mbalimbali. DHIS2, iliyotoka Chuo Kikuu cha Oslo na ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeshiriki katika kuieneza, ndiyo inayokusanya takwimu za zahanati za Tanzania, pamoja na zile za Rufiji na Kibiti. Fauka ya hayo, mwandikishaji wa leo hubeba kishikwambi badala ya karatasi, akaingia delta ambako mtandao hukatika, akaandika kutwa bila ya mawasiliano, na akirudi penye mnara nakala yake hukutana na nakala za wenziwe. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipowatoa watu makwao katika wilaya hizi mbili, walijihifadhi penye ardhi kavu, na katika hali kama hiyo kaya moja huweza kuandikwa katika orodha mbili kwa nia njema kabisa. Orodha hizo zisipokutanishwa mapema na mtu anayezijua nyuso za watu, kuna atakayepata msaada mara mbili na kuna atakayekosa.

Kwa hiyo nawausia walimu wa kompyuta katika vyuo na sekondari zetu, kuanzia Mkongo hata Mombasa, wasiwafundishe vijana kuandika programu kila mmoja peke yake kwenye mashine yake na kuwapa alama kwa hilo tu. Wawape daftari moja waandike kumi, wagongane, wakae chini waamue, na waandike sababu ya uamuzi wao. Nanyi vijana ambao mmekwisha kuingia kazini, unganisheni kazi yenu leo kabla ya kufunga mashine, muiamue kila ikhtilafu siku ile ile iliyozuka, na hukumu yake muiweke wazi kwa wote. Mashine ya bei ndogo itawatosha kwa miaka mingi mkifuata ada hiyo, na mkiiacha, hata ile ya bei kubwa kuliko zote haitawatosha.